Kifaru si Tangi: Tuwafunze Wanafunzi Kuyahoji Majina

Muhula mmoja nilikuwa nikisahihisha kazi ya tafsiri iliyofanywa na wanafunzi wangu wa mwaka wa pili. Matini yenyewe ilihusu Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanafunzi mmoja, ambaye kwa hakika ni hodari, alikuwa ameandika kwamba mwaka wa 1916 Waingereza walipeleka vitani matangi 49, na kwamba matangi hayo yaliwatia Wajerumani hofu kubwa. Sentensi hiyo iliposomwa darasani, wenzake waliangua kicheko. Nami nilicheka.

Lakini jioni ile nilipolitafakari jambo hilo, niliona kwamba tulimcheka bure. Bila kujua, mwanafunzi yule alikuwa ameurudia uongo ambao Waingereza wenyewe waliutunga na kutaka uaminiwe: kwamba mashine zile zilikuwa tangi za kubebea maji.

Kisa hicho chafaa kusimuliwa kwa walimu na wanafunzi wetu, kwani kinatufunza jambo muhimu kuhusu lugha na elimu. Mnamo Februari 1915, Winston Churchill, aliyekuwa waziri wa jeshi la majini la Uingereza, aliunda kamati ya kuchunguza uwezekano wa kutengeneza meli za nchi kavu. Kule Ufaransa vita vilikuwa vimekwama. Askari walikaa ndani ya mahandaki, na kila waliponyanyuka kushambulia walifyekwa na bunduki za rashasha au kunaswa na seng'enge. Ilihitajika mashine ya chuma itakayotambaa juu ya mahandaki na seng'enge huku risasi zikiigonga bila kuipenya.

Kazi ya kuiunda ilifanyiwa katika mji wa Lincoln, kwenye kiwanda cha William Foster kilichokuwa kikitengeneza zana za kilimo. Wahandisi wawili, William Tritton na Walter Wilson, ndio walioongoza kazi hiyo. Ili siri isivuje, jina la meli ya nchi kavu liliachwa na likatafutwa jina lisilofichua lolote. Mwishoni mwa mwaka wa 1915 likachaguliwa neno ambalo kwa Kiswahili ni tangi. Mtu yeyote aliyeliona lile sanduku kubwa la chuma likisafirishwa angedhani ni la kupeleka maji kwa askari walio jangwani.

Basi neno lililobuniwa ili kuficha ndilo lililobaki. Vita vilikwisha, siri ikafichuka, lakini Kiingereza hadi leo kinatumia neno lilelile moja kwa chombo cha maji na kwa mashine ya vita. Kirusi nacho kililichukua jinsi lilivyo. Wafaransa walikataa, wakatumia neno lao la gari la vita la kale. Wajerumani wakatumia neno lenye maana ya deraya. Waarabu wakalifufua jina la mtambo wa zamani wa kubomolea ngome, linalotokana na kitenzi chenye maana ya kutambaa.

Na Waswahili je? Kiswahili kiliitazama mashine yenyewe na hakikusikiliza kile wenyewe walichoiita. Kiliona ngozi ngumu, uzito mkubwa, kitu kilichochomoza mbele na tabia ya kwenda moja kwa moja pasipo kujali kilichopo njiani. Kikasema: hiki ni kifaru. Na tangi la maji likabaki kuwa tangi la maji. Mahali ambapo Kiingereza kina neno moja kwa vitu viwili, Kiswahili kina maneno mawili, kila moja na kazi yake.

Hapa ningependa msomaji aitazame sarufi kwa makini. Tunasema kifaru amelala, vifaru wamelala, tunapomzungumzia mnyama. Lakini tunasema kifaru kimekwama, vifaru vimekwama, tunapozungumzia mashine. Jina ni lilelile, ila upatanisho wa kisarufi unatuambia papo hapo kama tuko mbugani au vitani. Ndivyo ilivyo pia kwa ndege. Ndege ametua ni kiumbe. Ndege imetua ni chombo. Lugha inayoweza kuazima jina la mnyama, kisha ikalipa ngeli nyingine ili lisichanganye watu, si lugha maskini. Wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kuibeba sayansi na ufundi wangefaa kuanza na mfano huu mdogo.

Hata hivyo, kupata jina zuri ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua jina hilo linabeba nini ndani yake. Hapa nataka kulizungumzia neno jingine ambalo wanafunzi wetu hulikariri bila kulihoji, nalo ni neno wastani.

Katika vitabu vya historia ya vita, vifaru hugawanywa katika makundi matatu: vizito, vya wastani na vyepesi. Mwanafunzi akiulizwa kifaru cha wastani ni kipi, mara nyingi hutafuta tarakimu. Atataka aambiwe ni tani ngapi ili aandike, akariri na apate alama zake. Lakini tarakimu hiyo haipo, na haijapata kuwapo kwa muda mrefu. Historia ya vifaru hivyo yatuonyesha kwa nini.

Vifaru vya kwanza vya Waingereza viliingia vitani tarehe 15 Septemba 1916, katika mapigano ya Flers-Courcelette kwenye eneo la Somme. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa tani 28 hivi na watu wanane ndani yake. Mwendo wake haukuzidi kilomita sita kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Kati ya 49 vilivyotengwa kwa kazi hiyo, 32 hivi ndivyo vilivyofika mahali pa kuanzia mashambulizi. Vingine viliharibika au vilikwama njiani. Wakati huo hapakuwa na haja ya kusema kizito wala chepesi. Kifaru kilikuwa kifaru tu.

Haja ilizuka baada ya matatizo kujitokeza. Mnamo Novemba 1917, huko Cambrai, Waingereza walitumia kwa pamoja vifaru vya kupigana zaidi ya 370. Viliuvunja mstari wa Wajerumani na kupasua njia. Lakini nani angeipita njia hiyo upesi kabla adui hajaiziba? Vifaru vyenyewe vilikuwa vizito na vya polepole. Askari wa farasi walikuwa na kasi, ila bunduki moja ya rashasha ilitosha kuwasimamisha. Palikuwa na pengo kati ya chuma kisicho na mbio na mbio zisizo na chuma.

Kifaru cha wastani kilizaliwa katika pengo hilo. Tritton alikuwa amekwisha kutengeneza cha majaribio mapema mwaka wa 1917. Kilipewa jina rasmi la kifaru cha wastani aina ya A, lakini wengi walikiita Whippet, yaani mbwa mwembamba wa mbio. Tazama jinsi Waingereza nao, walipoachiwa wateue jina pasipo siri, walivyokimbilia kwa wanyama kama sisi! Kilikuwa na uzito wa tani 14, yaani nusu ya kile kizito. Kilikuwa na bunduki za rashasha bila mzinga, na kwa kawaida kiliendeshwa na watu watatu. Mwendo wake ulifika kilomita 13 kwa saa.

Uendeshaji wake ulikuwa mtihani. Kilikuwa na injini mbili, kila moja ikivuta mnyororo wa upande wake. Ili kukikata kona, dereva aliiongezea nguvu injini moja na kuipunguzia nyingine. Akikosea kidogo, injini moja ilizimika na kifaru kikazunguka mahali pamoja mbele ya macho ya adui.

Pamoja na udhaifu huo, vifaru hivyo vilionyesha faida yake. Tarehe 8 Agosti 1918, katika mapigano ya Amiens, 96 kati yavyo viliwekwa pamoja na askari wa farasi. Matokeo yalikuwa funzo. Pale pasipokuwa na risasi, farasi waliviacha vifaru nyuma. Risasi zilipoanza, farasi walisimama na vifaru vikaendelea peke yake. Kifaru kimoja kilichoongozwa na luteni Clement Arnold kilijikuta peke yake nyuma ya safu za Wajerumani. Kwa saa nyingi kilishambulia mizinga, magari ya mizigo na vikosi vilivyokuwa vikirudi nyuma. Mitungi ya petroli iliyokuwa imefungwa juu yake ilitobolewa kwa risasi. Mafuta yakachuruzika hadi ndani, na askari wakalazimika kupumua kwa vinyago vya gesi. Hatimaye kiliwaka moto. Dereva aliuawa, Arnold na mwenzake walichukuliwa mateka.

Basi wastani hapa ulikuwa na maana gani? Haukuwa tani 14. Maana yake ilikuwa kazi: kupita katika tundu lililotobolewa na kifaru kizito na kwenda mbali zaidi. J.F.C. Fuller, ofisa wa kikosi cha vifaru cha Uingereza, aliuchukua wazo hilo na mwaka wa 1918 akaandika mpango wa vita vya mwaka uliofuata. Alipendekeza kwamba vifaru vya wastani vyenye kasi kubwa kuliko hivyo vipenye hadi kwenye makao makuu ya adui na kuuvuruga ubongo wa jeshi lake badala ya kuukatakata mwili wake. Vita vilikwisha tarehe 11 Novemba 1918 na mpango huo haukutekelezwa. Wazo lenyewe halikufa.

Sasa twende kwenye miaka ya 1920, ambapo majina yanaanza kucheza ngoma yake. Kampuni ya Vickers ilitengeneza kifaru kipya cha jeshi la Uingereza. Kilikuwa na springi zilizokiwezesha kwenda kasi ya zaidi ya kilomita 20 kwa saa, na mzinga wake ulikaa katika kibanda kilichoweza kuzunguka pande zote. Hapo awali jina lake rasmi lilikuwa kifaru chepesi. Baadaye, vilipotokea vifaru vidogo zaidi, kifaru hichohicho kilibadilishwa jina kikawa cha wastani. Hakikuongezwa hata msumari mmoja. Kilichobadilika ni majirani zake.

Mwalimu wa lugha hawezi kupata mfano bora kuliko huo. Kuna vivumishi vinavyojitegemea, kama vile -a mbao au -a chuma. Na kuna vivumishi ambavyo maana yake hutegemea kinacholinganishwa, kama vile -refu, -zito na -a wastani. Mtoto mrefu wa darasa la kwanza ni mfupi akisimama na wa kidato cha nne. Kifaru cha tani 28 kiliitwa kizito baada ya mwaka wa 1917. Mnamo mwaka wa 1940, kifaru cha Kisovieti cha T-34, ambacho uzito wake haukuwa mbali na huo, kilihesabiwa kuwa cha wastani. Na leo, ambapo baadhi ya vifaru vinazidi tani 60, mgawanyo huo wa kale umeachwa katika majeshi mengi makubwa, na badala yake pana kifaru kikuu cha vita. Anayekariri tarakimu bila kuuliza wastani kati ya nini na nini amekariri upepo.

Majina hayo hayakubadilishwa na uzito peke yake. Yalibadilishwa na siasa pia. Mkataba wa Versailles wa mwaka wa 1919 uliipiga Ujerumani marufuku kuwa na vifaru. Mwishoni mwa miaka ya 1920 makampuni ya Kijerumani yalitengeneza kwa siri vifaru vya wastani vya majaribio, yakaviita matrekta makubwa. Vilifanyiwa majaribio karibu na mji wa Kazan katika Muungano wa Kisovieti, mbali na macho ya waliotia sahihi mkataba. Huko Marekani, sheria ya mwaka wa 1920 iliviweka vifaru vyote chini ya askari wa miguu. Askari wa farasi walipotaka kuwa na vya kwao katika miaka ya 1930, waliviita magari ya mapambano. Sheria ilikataza jina, nao wakabadilisha jina. Mashine ilikuwa ileile.

Tangi la maji, trekta, gari la mapambano. Katika nchi tatu tofauti, wenye mamlaka walitambua jambo ambalo sisi walimu hulisahau: kwamba anayeshika jina hushika nusu ya fikira za msikilizaji. Ndiyo maana nasema kumfunza mwanafunzi istilahi bila kumfunza kuihoji ni kumkabidhi kwa yeyote atakayekuja na jina tamu.

Nasi tunao ushahidi wetu kutoka vita hivyohivyo. Wakati vifaru vikitambaa Ufaransa, katika vita vya Afrika Mashariki mizigo mingi ya majeshi ilichukuliwa vichwani na mabegani mwa wapagazi. Makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi, njaa na uchovu. Kwa Waingereza kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Vinywa vya wananchi viliuchukua mtamko huo wa kigeni vikaufinyanga, na leo tunao Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Wengi hupanda matatu kwenda huko bila kujua kwamba wanataja kaburi lisilo na jiwe. Jina la tangi lilibuniwa kuficha. Jina la Kariokor limehifadhi. Lakini pasipo mwalimu wa kulifungua, nalo pia hunyamaza.

Najua kuna watakaonipinga. Wapo wanaosema kwamba ingekuwa rahisi zaidi kutwaa kila istilahi ya Kiingereza, kuitia irabu mwishoni na kwenda zetu. Sina ugomvi na ukopaji. Manowari ni mkopo kutoka kwa Kiingereza, deraya na handaki ni mikopo kutoka kwa Kiarabu, na hakuna Mswahili anayeona haya kuyatumia maneno hayo. Lakini kukopa bila kutazama ndiko kulikomponza mwanafunzi wangu. Alilichukua neno, akaliacha jambo. Lau tungelikopa tangi kwa maana zote mbili, tungekuwa tumeazima pamoja nalo uongo wa mwaka wa 1915.

Wengine watasema kwamba kifaru ni bahati tu, na kwamba bado hatuna maneno yaliyokubalika kwa sehemu nyingi za mashine hiyo. Hilo ni kweli, na sitalificha. Katika makala haya nimelazimika kusema kibanda kinachozunguka, nami sijaridhika nalo. Lakini tulipataje mzinga? Mwenye kurina asali alikuwa na gogo lililotobolewa ndani. Mwenye vita alipoonyesha chuma kilichotobolewa ndani, jina la gogo likahamia kwenye chuma. Neno risasi lilikuwa jina la madini kabla halijawa jina la kinachotoka bundukini. Maneno hayo hayakuteremka kutoka mbinguni wala hayakungojea kamati. Yalitoka kwa watu walioitazama kazi ya kitu, wakakitafutia ndugu katika maisha yao.

Kwa hiyo nina mapendekezo matatu kwa walimu wenzangu. La kwanza, mwalimu wa historia asiishie kwenye tarehe za vita. Amwonyeshe mwanafunzi ni tatizo gani lililozaa chombo gani. Mwanafunzi aliyeelewa pengo kati ya kifaru kizito na farasi hatahitaji kukariri maana ya kifaru cha wastani, ataivumbua mwenyewe.

La pili, mwalimu wa Kiswahili asiyafundishe majina ya kiufundi kama orodha ya kukariri usiku wa kuamkia mtihani. Awaulize wanafunzi: aliyelibuni neno hili alitazama umbo, kazi, sauti au alitaka kuficha? Swali hilo moja litawafanya wafikiri kuliko kurasa kumi za istilahi.

La tatu, walimu hao wawili wakutane. Katika shule zetu nyingi yule wa historia na yule wa Kiswahili huketi katika chumba kimoja cha walimu, wakanywa chai kutoka birika moja, na kila mmoja akaenda kufundisha kana kwamba mwenzake hayupo. Kisa cha kifaru ni cha wote wawili, na yule wa fizikia angeongeza lake kuhusu injini mbili zinazovuta minyororo miwili.

Nawe mwanafunzi, usione haya kukosea kama alivyokosea mwenzako wa tangi. Nilimrudishia kazi yake nikamwambia aende akatafute kwa nini Kiingereza kina neno moja pale tulipo na mawili. Alirudi baada ya wiki moja na kurasa nne za maelezo ambayo hakuombwa, akataka kujua ni nani aliyeruhusiwa kuiita mashine ya kuua watu kwa jina la chombo cha kuwanywesha maji. Sikuwa na jibu fupi la kumpa. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na swali hilo lake nililiona kuwa na thamani kubwa kuliko alama zote nilizomnyima.